Makato ya korosho kwa ajili ya maabara: tukubali, au Kemia ianze na vilivyopo?

Mleta mada

Wakuu wa Kusini, habari za msimu.

Kwenye kikao cha wazazi cha shule moja ya kata huku Tandahimba limeletwa pendekezo: kila mzazi anayeuza korosho kupitia AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) akatwe shilingi 10 kwa kilo, kwa msimu mmoja, pesa hiyo inunue kemikali na mitungi ya gesi. Jengo la maabara lipo. Ni matunda ya ile kampeni ya Rais Kikwete ya 2014, kila shule ya kata iwe na maabara tatu, ambayo wengi wetu tulichangishwa. Ndani kuna meza za zege, sinki zisizo na maji na viti vibovu vilivyorundikwa pembeni. Kikao kiliahirishwa, tutarudi kupiga kura.

Mimi napinga. Kemia naipenda, na mwanangu ningependa aisome mpaka afike mbali. Ila hakuna aliyetueleza ni kwa nini mtoto wa kidato cha kwanza ashindwe kuanza bila hizo chupa. Tazameni mada zenyewe kwenye mtaala tuliouzoea: usalama maabarani, vyanzo vya joto na miali ya moto, maada, elementi na michanganyiko, kisha hewa, uunguaji na kutu. Kutu nayo mpaka iagizwe Dar? Huku pwani bati linaliwa huku unaliangalia. Chukua misumari mitatu: mmoja kwenye maji ya kawaida, wa pili kwenye maji yaliyochemshwa yakafunikwa na mafuta ya kupikia juu yake, wa tatu kwenye chupa kavu iliyozibwa vizuri. Baada ya wiki utaona ni upi ulioshika kutu, na mtoto atajua mwenyewe kwamba inahitaji maji na hewa vyote viwili. Gharama ni misumari tu.

Au chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvichumvi. Lindi na Kilwa kuna watu wanasomesha watoto kwa kuyakausha hayo maji juani, na watoto haohao wanakariri darasani maana ya uvukishaji.

Kilichoniudhi hasa ni hiki. Mwanangu yuko kidato cha pili. Daftari lake lina mchoro safi kabisa wa miali ya moto: wa njano wenye masizi, na wa bluu wa jiko la Bunsen (jiko dogo la gesi la maabara), sehemu zote zimeandikwa majina. Nikamuuliza, mbona sufuria ya mama yako inakuwa nyeusi kwenye kuni za mkorosho, ya shangazi yako mwenye jiko la gesi inabaki nyeupe? Akaanza kupekua daftari. Hajawahi kuambiwa kwamba ni jambo lilelile: hewa isipotosha, kaboni haiungui yote, inayobaki ndiyo masizi. Hapo kemikali gani ilikosekana?

Mada ya lugha ya kufundishia naomba msiilete, tutakesha.

Kijana wa Mikindani

Mkuu umegusa moto, nami niseme la moto. Gesi ya Mnazi Bay, hapa hapa Mtwara, imegunduliwa 1982. Ile ya Songo Songo kule Kilwa 1974. Bomba la kwenda Dar limezinduliwa 2015, na 2013 watu walishaumia mjini Mtwara kwenye vurugu za kulipinga bomba hilohilo. Leo mzazi akatwe korosho anunue mtungi wa gesi ili mtoto auone mwali wa bluu! Waanze kuchangia wao wenye gesi.

Halafu salfa mbona mnaisahau? Kila nyumba ina mfuko wa kupulizia mikorosho. Mwalimu aiwashe darasani, watoto waone moto wa bluu, waijue elementi kwa macho yao.

Mwalimu wa Kemia, Lindi

Kijana, nianze na salfa kabla mtu hajaijaribu. USIWASHE SALFA DARASANI. Ni kweli inawaka kwa mwali wa bluu, tena mzuri. Moshi wake ni dioksidi ya salfa, na ukikutana na maji ya machoni na kifuani unakuwa asidi. Chumba chenye watoto sabini na madirisha mawili, mwenye pumu hatatoka salama. Unga wenyewe ukitimka kwa wingi hewani ukapata cheche unaweza kulipuka. Ionesheni ikiwa kwenye chupa iliyofungwa: rangi ya njano, haiyeyuki majini, alama yake S, namba ya atomu 16. Kisha waulizeni watoto kwa nini baba anaipulizia kwenye maua ya mkorosho dhidi ya ubwiri unga bila kufunga hata kitambaa puani. Hicho ni kipindi kizima, na kina faida nyumbani kuliko huo moto.

Na gesi ya bomba huwezi kuichomoa tu kama maji. Inasafirishwa kwa shinikizo kubwa, na ni methani karibu yote. Ya mtungini ni propani na butani. Kuleta ile ya bomba shuleni kunahitaji mtandao wa kushusha shinikizo na kusambaza. Kuwadai wenye gesi ni haki yenu, ila mtihani hautawasubiri.

Sasa mleta mada. Kwa kidato cha kwanza nakubaliana nawe karibu kote, na mimi mwenyewe nafundisha hivyo. Choya (rosela) nikiiloweka napata maji mekundu. Ukiongeza ndimu yanabaki mekundu, ukiongeza maji ya majivu yanageuka kijani. Darasa zima linapiga kelele. Chokaa nayo: koroga kwenye maji, acha ituame usiku kucha, mimina maji maangavu ya juu, mtoto apulize kwa mrija. Yanakuwa kama maziwa kwa sababu ya kabonidayoksaidi anayoitoa. (Chokaa iwe mpya. Iliyokaa kwenye mfuko wazi imeshanyonya hewa hiyo, imerudi kuwa kama jiwe ilikotoka, na utaaibika mbele ya watoto.) Waliojenga Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani walichoma matumbawe wakapata chokaa, na kiwanda cha saruji cha Dangote hapo Mtwara kinapasha jiwe la aina hiyohiyo. Somo ni moja.

Lakini mtoto hakai kidato cha kwanza milele. Mtihani wa kidato cha nne una karatasi ya vitendo. Anapewa byureti (mrija wa kioo wenye vipimo na koki) yenye asidi, chini yake chupa yenye besi, yaani kinyume cha asidi, na matone ya mithili orenji, dawa ya kuonesha rangi, hapo ikiwa njano. Anatakiwa afungue koki kwa mkono mmoja, mkono wa pili unatikisa chupa, na asimame kwenye tone lile linalogeuza njano kuwa rangi ya chungwa. Tone moja likizidi, jibu limeharibika. Kisha asome kipimo macho yakiwa usawa wa maji, chini ya ule mbonyeo. Jambo hili halifundishiki kwa mdomo. Nimewaona wanaoishika mara ya kwanza siku ya mtihani: wanafungua koki yote, asidi inashuka kama bomba la kisimani. Na ndimu haiwezi kuziba pengo hilo, kwa sababu ukali wake haujulikani. Ndimu ya leo si ya jana. Huwezi kupiga hesabu ya moli (kipimo cha kiasi cha kemikali) kwa kitu usichojua kipimo chake.

Kwa hiyo mimi naunga mkono makato, kwa ajili ya kidato cha tatu na cha nne.

Mpita njia

Watoto wa kwetu wanajua kukeneka (kuchemsha na kukusanya mvuke) kabla hawajafika sekondari, wameona uraka, ile pombe ya mabibo ya mkorosho, unavyogeuka gongo. Mwalimu akiuliza utenganishaji wa michanganyiko wanamcheka tu.

Mwalimu wa Kemia, Lindi

Wananicheka kweli. Ila ukiwauliza kwa nini gongo inaweza kuua, kimya.

Mama mbanguaji, Newala

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba.

Mimi Kemia sikuisoma, ila nimebangua korosho miaka mingi. Mafuta ya ganda yanachuna ngozi, vidole vinakuwa vyeusi, vinabanduka. Tunapaka majivu kabla ya kushika. Binti yangu aliniambia majivu ni besi na yale mafuta yana asidi. Nikamwambia, sawa, basi nenda ukamuulize mwalimu kama kuna kitu bora kuliko majivu. Akarudi na jibu kwamba haimo kwenye silabasi. Sasa hapo ndipo mimi ninapojiuliza hizo kemikali zikija zitamsaidia nini.

La pili ni pesa. Mkulima wa kilo 800 ni shilingi 8,000. Si nyingi ukizisema hivyo. Lakini mkitazama karatasi ya malipo mtaona mistari ya makato ilivyopangana, na huu nao utaongezwa chini. Ukishaingia huwa hautoki. Msimu mmoja, nani ataufuta?

Mkereketwa wa Masasi

Tangu 2016 elimu mpaka kidato cha nne haina ada. Mchango ukikatwa kabla pesa haijafika mkononi, huo si wa hiari, waite watakavyoita. Anayetaka achange mwenyewe shuleni apewe risiti. Hilo tu.

Mleta mada

Mama, swali la majivu ni zuri kuliko yote humu. Mwalimu lijibu.

Mwalimu, kwenye byureti umenibana na sina hoja ya kukupinga. Ila soma pendekezo: kemikali kwa shule nzima. Mimi nauliza byureti ngapi, pipeti (mirija ya kunyonyea kipimo kamili) ngapi, fundi sanifu maabara yupo au mwalimu wa Bailojia ndiye atakayechanganya asidi? Tulishajengewa jengo lisilo na maji. Nisije nikakatwa korosho nikaletewa chupa zisizo na mtu wa kuzifungua.

Mwalimu wa Kemia, Lindi

Mama, binti yako yuko sahihi, na swali lake lingestahili kipindi. Ndani ya mafuta ya ganda kuna asidi anakadiki pamoja na jamaa zake wanaounguza. Majivu yanapunguza makali kidogo, lakini kazi yake kubwa ni kuweka ukuta kati ya mafuta na ngozi. Ndiyo maana wengine wanapaka mafuta ya nyonyo. Glavu nzima isiyotoboka ni bora kuliko vyote viwili. Mwambie binti ajaribu kitu kidogo: majivu kwenye maji, kisha matone ya choya. Ataona kijani.

Mleta mada, vifaa vya kioo vinadumu miaka kama vikitunzwa. Kinachokula pesa ni kemikali chache, na mojawapo ni nitrati ya fedha, ya kutambua kloridi. Ni ghali, hukaa kwenye chupa ya rangi nyeusi maana mwanga unaiharibu, na ikikudondokea ngozini inaacha doa jeusi siku kadhaa. Asidi kali zinafungiwa stoo, na asiyefunzwa asizimimine. Shule isiyo na mtu wa kazi hiyo isinunue asidi kali hata kama pesa ipo. Hapo tuko pamoja.

Mama mbanguaji, Newala

Na asiende mtu kuomba maji ya betri gereji. Kijijini kwetu walijaribu, sketi ya mtoto ikabaki matundu.

Mleta mada

Basi nitakachokwenda kusema kikaoni ni hiki. Orodha isomwe hadharani, kifaa kwa kifaa na bei yake, ionekane ipi ni ya kidato cha tatu na cha nne. Maji yafike kwenye sinki kwanza. Fundi sanifu au mwalimu aliyefunzwa atajwe kwa cheo chake kwenye muhtasari. Mchango ulipwe shuleni kwa risiti, usipite AMCOS. Na kidato cha kwanza waanze wiki hii kwa misumari, choya na chokaa, maana hivyo havihitaji kura.

Yakikosekana hayo, kura yangu ni hapana. Wa Tandahimba mliomo humu, njooni siku hiyo, msiniache nipige kelele peke yangu.