Daftari la hesabu kwenye brauza: Colab, Kaggle, CoCalc au Jupyter ya mashine yako?

Kibirizi_Data (Kigoma)

Habari za kazi wakuu. Tuko kikundi cha watu watano hapa Kigoma mjini. Wawili wanasoma hisabati tupu, watatu wanachambua urefu na umri wa dagaa wa Ziwa Tanganyika. Tunatafuta daftari moja la hesabu la kufungulia kwenye brauza ili wote tusome kazi ileile. Laptopu zetu zina RAM ya GB 4, intaneti ni bando la simu, na umeme ukikatika unakatika kweli.

Kazi ni za aina mbili: aljebra yenye majibu kamili, si desimali, na kukadiria mkunjo wa ukuaji wa von Bertalanffy (urefu wa samaki kwa umri wake) kwa butstrapu ya marudio 5,000, yaani kuchagua upya sampuli kwa bahati nasibu na kukadiria tena kila mara. Mnashauri lipi? Na je, tulipie GPU (chipu ya kuharakisha hesabu)?

Mzee_wa_Kerneli

GPU wekeni kando kabisa. `curve_fit`, kitendakazi cha kukadiria mikunjo kwenye maktaba ya Python iitwayo SciPy, haiigusi GPU, mtalipia kitu kilale bure.

Msichague kwa sura ya ukurasa, maana karibu yote yanafanana. Ulizeni hesabu inafanyika kwenye mashine ya nani. Kwenye Colab, Kaggle na CoCalc inafanyika kwenye seva yao. Brauza yenu ni dirisha tu. Kwa hiyo `!pip install` ya MB 300 ndani ya Colab haili bando lenu, inashuka kwao huko. Kinachokula bando ni kupakia data, kufungua ukurasa wenyewe na picha za grafu zinazorudi. JupyterLite ni kinyume: Python nzima inashushwa ndani ya brauza kwa WebAssembly, RAM inayotumika ni yenu, na mafaili yanakaa kwenye hifadhi ya brauza. Mtu akifuta data za tovuti kwenye brauza, daftari limekwenda.

Colab ya bure: kipindi kimoja hakizidi muda wa saa 12, na ukiliacha bila kuligusa linakatwa mapema zaidi. Likikatwa, kila kilichokuwa `/content` kinafutika. Daftari lenyewe liko Drive, linabaki. Matokeo yaliyoandikwa kwenye diski ya muda hayabaki. Kwa hiyo seli ya kwanza iwe hii:

`from google.colab import drive`
`drive.mount('/content/drive')`

Kisha andikeni matokeo Drive kila baada ya marudio 500, si mwishoni. Ila msisome mamia ya mafaili madogo moja kwa moja kutoka Drive, ni polepole mno. Yafungeni zipu moja, inakiliwe `/content`, ifunguliwe huko.

Kwa umeme unaokatika, mimi naipa Kaggle alama. Ukibonyeza Save Version ukachagua Save & Run All, daftari linaendeshwa upya lote kwenye seva, seli ya juu hadi ya chini, hata laptopu ikizimika. Ukirudi unakuta toleo lenye namba yake na mafaili yaliyoandikwa `/kaggle/working`. Sharti ni kuthibitisha namba ya simu kwanza, vinginevyo hupewi intaneti ndani ya daftari, na `pip` itagoma.

Mwl_Sehemu (Tabora)

Naongezea upande wa hisabati, maana hapo ndipo Colab na Kaggle zinawaangusha wengi.

Andika `2^10` kwenye seli ya Python. Jibu ni 8. Si kosa la mashine: alama `^` kwenye Python ni XOR ya biti, na kipeo ni `**`. Andika hiyohiyo kwenye Sage, programu ya hisabati iliyojengwa juu ya Python, unapata 1024, kwa sababu Sage hutafsiri msimbo kabla ya kuupeleka Python. Vivyo hivyo `1/3`: Sage inakupa sehemu 1/3, Python inakupa 0.3333333333333333. Mwanafunzi akiweka `x + 1/3` ndani ya SymPy, maktaba ya aljebra ya Python, ile theluthi imeshageuka desimali kabla SymPy haijaiona. Tumia `Rational(1,3)` au `S(1)/3`. Daftari haliwezi kutoa onyo hapo, jibu linatoka zuri tu likiwa limekosewa.

Kwa wale wawili wa hisabati tupu, CoCalc. Ilianzishwa na William Stein, yuleyule aliyeanzisha Sage 2005. Sage, R, Octave, GAP na LaTeX vimo tayari. Jambo ambalo Colab haina: watu wawili wakifungua daftari moja wanatumia kerneli moja, yaani injini moja inayoendesha msimbo. Mmoja akiandika `a = 5`, mwenzake akiita `a` anapata 5. Kwenye Colab kila mtu ana mashine yake hata kama daftari ni moja. Mnaona maandishi yale yale lakini vigezo havijulikani kwa mwenzako. Pia CoCalc huhifadhi matokeo upande wa seva, hivyo mtandao ukikata katikati ya hesabu, hukosi kilichochapishwa wakati haupo.

Ubaya wake: mradi wa bure uko kwenye seva zenye msongamano, na haupewi intaneti ya kwenda nje. Data ipakieni kwa mkono.

Kama ni kukagua mlinganyo mmoja tu, SageMathCell inatosha. Haihitaji akaunti. Haihifadhi kitu pia.

Flashi_Mbili

Samahani wakuu, mnampeleka mtu mawinguni wakati shida yake iko mezani. Marudio 5,000 ya mkunjo wa vigezo vitatu, kwa samaki mia chache, ni dakika chache hata kwenye laptopu ya GB 4. Jupyter ya kwenye mashine inafungukia brauza vilevile, `localhost:8888`, na haihitaji bando hata senti.

Mmoja ashushe mara moja tu:

`pip download -d vifurushi jupyterlab numpy scipy sympy pandas matplotlib`

Folda `vifurushi` iwekwe kwenye flashi, wengine wanne wafanye:

`pip install --no-index --find-links=vifurushi jupyterlab numpy scipy sympy pandas matplotlib`

Itagoma kama toleo la Python au mfumo ni tofauti, maana faili la `cp312-win_amd64` (la Python 3.12 kwenye Windows) haliingii kwenye Python 3.11 wala kwenye Linux. Wote wawe na Python ileile kwanza.

Faida nyingine ni kwamba hakuna anayewabadilishia matoleo usiku. Colab huyapandisha yenyewe. NumPy 2.0 ilipotoka 2024, `np.Inf` iliondolewa ikabaki `np.inf`, na madaftari ya zamani yakaanza kutoa makosa bila mtu kugusa herufi.

Na kabla ya kumtumia mwenzako: Restart Kernel and Run All Cells. Kuendesha seli ya 9 kabla ya 4 kunaacha vigezo kwenye kumbukumbu ambavyo msimbo wa sasa hauvitengenezi. Utafiti wa 2019 wa madaftari ya GitHub ulijaribu kuendesha zaidi ya laki nane: asilimia 24 hivi yalifika mwisho bila kosa, na asilimia 4 tu yalitoa matokeo yaleyale.

Kibirizi_Data

Nashukuru wote. Nimelijaribu la flashi, limekubali. Lakini `curve_fit` inanipa k (kasi ya ukuaji) = 1.0 na t0 (umri wa kinadharia ambao urefu ni sifuri) = 1.0 kamili, na onyo kwamba kovariansi ya vigezo haikukadirika. Umri uko kwa siku, kati ya 60 na 300.

Mzee_wa_Kerneli

Hapo hakuna kilichokadiriwa. Usipotoa `p0`, yaani makisio ya kuanzia, inaanza na 1, 1, 1. Kwa siku 60, sehemu ya e ya mkunjo inakuwa e⁻⁵⁹, ndogo mno hadi 1 − e⁻⁵⁹ kwa kompyuta ni 1 kamili, kwa hiyo ukisogeza k au t0 mkunjo hautikisiki na algoriti haijui iende wapi. Tazama L∞ yako (urefu wa juu ambao mkunjo unaukaribia), itakuwa sawa na wastani wa urefu wote.

Anza na `p0=[urefu.max()*1.05, 0.007, 0]`. Au gawa umri kwa 365 kisha uweke k karibu na 2.5. Ndani ya butstrapu, tumia `p0` hiyohiyo, funga kila rudio kwa `try` na `except RuntimeError`, na uhesabu mangapi yameshindikana. Yakiwa 10 kati ya 5,000, endelea. Yakiwa 900, huna samaki wadogo wa kutosha kwenye sampuli, na t0 ndiyo inayoyumba.

Kibirizi_Data

L∞ ilikuwa wastani kweli. Kwa `p0` mpya yameshindikana 14.