Naomba ushauri: siku tatu kwa gari kandokando ya bahari, wikendi ya sikukuu

Wakuu, habari zenu. Tuko wanne, gari dogo linalovutwa na magurudumu mawili ya mbele. Kwenda ni kilomita kama 400 kwa njia ya pwani: 250 siku ya kwanza, zilizobaki siku ya pili. Kurudi tutapita barabara ya ndani, fupi zaidi. Shida ni siku ya tatu, maana kila mtu anarudi mchana uleule. Tuondoke saa kumi na moja alfajiri, au tuongeze usiku mmoja?

Kubwa zaidi ni maji. Kuna kipande cha mchanga kinachofunikwa yakijaa, na wikendi hiyo mwezi ni mpevu, yaani bamvua: yatajaa juu kuliko kawaida. Saa ya kupwa nayo husogea mbele kama dakika 50 kila siku, hivyo ratiba ya Ijumaa haifai Jumapili. Je, nipite ndani ya saa mbili kabla ya kupwa, au hata hapo gari la chini litazama? Nikishusha upepo wa tairi kutoka psi 32 hadi 18 ili zisizame mchangani, pampu ya kujazia ni lazima, kwa sababu tairi laini kwenye lami hupata joto na kupasuka. Au niliache gari juu, twende kwa miguu? (Mwenzangu mmoja hataki kusikia hilo.)

Na chumvi: kuosha chini ya gari kwa maji baridi kunaweza kusubiri hadi tufike nyumbani?