Tupeane uzoefu: bendi za Mji Mkongwe, usiku wa kopi na nyimbo mpya zisizowafikia wenyeji

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nawaombeni wapigaji, waimbaji, mafundi wa sauti na wasikilizaji tuelezane jambo ninaloliona kila msimu wa wageni unaporudi. Bendi zetu za magitaa zinaishi kwa kupiga kopi, yaani nyimbo za watu wengine, katika mahoteli na mikahawa ya Shangani na Forodhani, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, lakini zikiachia nyimbo zao wenyewe, watu wa Ng'ambo, mitaa ya wenyeji iliyo nje ya Mji Mkongwe, ambao ndio ndugu zao, hawapati kuzisikia zikipigwa mbele yao. Naanza na yangu.

Mimi napiga gitaa la besi. Bendi yetu ina watu wanne, na tulijuana katika madarasa ya chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanzishwa mwaka 2002 na ambacho kimelea wanamuziki wengi wanaosikika mjini leo. Mgeni anayekaa mbele yetu mara nyingi ametoka kutembelea makumbusho ya Freddie Mercury yaliyofunguliwa Shangani mwaka 2019, anajua kwamba mwimbaji huyo alizaliwa hapa mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na kwa hiyo ombi lake la kwanza ni nyimbo za Queen, bendi yake. Wimbo unaotakiwa zaidi ni ule wao mrefu wa mwaka 1975, Bohemian Rhapsody, nao ndio unaotutoa jasho, kwa kuwa kipande cha katikati kilirekodiwa kwa kupandanisha sauti za waimbaji watatu mara nyingi mno. Hata Queen wenyewe wakiwa jukwaani walikuwa wanatoka na kuiacha kanda iimbe. Sisi kipande hicho tunamwachia mpiga fidla, anakishika peke yake, kisha drams na gitaa la solo vinaingia kwa pamoja na watu wanasimama.

Sizidharau kopi hata kidogo. Kuzifuata nyayo za besi ya John Deacon wa Queen kumenifundisha kunyamaza panapotakiwa kunyamaza. Kinachonisumbua ni wimbo wetu wenyewe, ambao tunauingiza kati ya kopi mbili, wageni wakaupigia makofi kwa adabu bila ya kufahamu maneno, na yule ambaye angeyafahamu hayumo ukumbini. Mama yangu na shangazi zangu wanaupenda muziki huu na wanausikiliza kwenye simu, lakini hawawezi kuingia mahali panapouzwa pombe, saa nne za usiku. Je, wenzangu mmelitatua vipi?

*Mpiga solo, Kikwajuni*

Ndugu mleta mada, mimi nimetokea kwenye taarab, na nataka kusema habari ya utunzi kabla ya habari ya ukumbi. Tulipoanza kutunga nyimbo zetu kwa magitaa ya umeme tuligongana na maqamu, yaani ile mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu inayotumika katika taarab. Rasti na Bayati zina sauti za robo, zilizo katikati ya noti za gitaa, ambazo fidla na udi vinazipata bila ya taabu, kwa sababu havina vigawanyo (freti) shingoni, na ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinachopigwa kikiwa mapajani, inazipata kwa vile vishikizo vyake vidogo vya kupandishia na kushushia nyuzi. Gitaa la kawaida vigawanyo vyake vimekwisha kupangwa, halizitoi mpaka uuvute uzi kwa kidole na kubahatisha. Kwa hiyo nyimbo zetu za awali zote zilikuwa Nahawandi au Hijazi, ambazo gitaa linazimudu. Baadaye tukakubaliana kwamba wimbo ukiwa Bayati, gitaa lisishindane na mwimbaji, lishike mdundo tu katika sauti zisizogusa robo, na fidla ndiyo imfuate mwimbaji. Hapo ndipo watu wa mtaani walipoanza kusema kwamba wimbo huu ni wa kwetu. Drams nazo usizipige kama za Uingereza. Mpigaji wetu amekulia katika kidumbak, ile taarab ya mtaani ya ngoma ndogo, na mkono wake wa kushoto bado unakwenda huko, jambo ambalo kwangu mimi lina thamani kuliko kopi yoyote.

*Mwimbaji, Mwembetanga*

Kaka yangu, umeeleza upande wa wasikilizaji. Mimi naongeza upande wa mwanamke anayeimba. Ili niimbe usiku wa kopi ilibidi baba akaridhie kwanza, na hadi leo mdogo wangu wa kiume ananisubiri nje mpaka tumalize. Malipo nayo yana mashaka: mkahawa mmoja ulituambia baada ya shoo kwamba wageni walikuwa wachache, kwa hiyo tupokee nusu. Tangu siku hiyo tunaandikiana kabla ya kufunga vyombo. Ramadhani ikiingia vyombo vinawekwa chini mwezi mzima, na miaka hii masika nayo hayako mbali, hoteli nyingine zikafunga, kwa hiyo asiyeweka akiba anaumia.

Pahali nilipowahi kuimba mbele ya wageni na watu wangu kwa pamoja ni Ngome Kongwe, katika Sauti za Busara. Tamasha lile lilianza mwaka 2004, linataka muziki upigwe papo hapo, na kiingilio cha wenyeji ni kidogo kuliko cha wageni. Bibi yangu alikaa na majirani zake mwanzo wa jioni, akausikia wimbo niliomtungia, na nilimwona akiwaonesha wenziwe kwa mkono kwamba anayeimba ni mjukuu wake. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha, na ndipo nilipotambua kwamba wimbo mpya wa mwaka ule hatukuwa na pengine pa kuupeleka.

*Mpiga kinanda, Chake Chake*

Huku Pemba usiku wa kopi hatuna, kwa hiyo hilo halitusumbui. Tunapiga harusini, na wimbo wetu mpya tunaupenyeza baada ya zile zinazotakiwa na wenye shughuli. Ukipendwa, vijana wanarushiana kwenye simu na wiki inayofuata unausikia Wete.

*Fundi wa sauti, Malindi*

Atakayefikiria ukumbi afikirie na umeme. Kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima ilikaa gizani baada ya njia ya umeme unaotoka bara kuharibika, na bendi za magitaa tulinyamaza wakati wenzetu wa udi na fidla wakiendelea. Hewa ya chumvi nayo haina huruma: futeni nyuzi kwa kitambaa kikavu kila mkimaliza, na msiache plagi zimechomekwa usiku kucha.

*Msikilizaji, Vuga*

Wanangu, nimekuwa mpenzi wa taarab tangu ujanani. Klabu yetu ya taarab ya Akhwan Safaa ni ya mwaka 1905 na ile ya Culture ni ya 1958, na zamani nyimbo mpya zilikuwa zikingojwa Idi. Mtu alishona nguo, alijiandaa kutunza, na alikwenda kwa ajili ya wimbo ambao hajapata kuusikia. Nyinyi mnaziachia nyimbo siku yoyote kwenye simu, halafu mnashangaa kwamba hazina wenyewe.

*Mleta mada*

Shikamoo mzee wangu, na ahsante. Hilo tumelijaribu, na ninalisimulia kwa furaha. Idi el Fitri iliyopita tulikwenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa, tukaombewa kiwanja cha skuli kule Jang'ombe, tukapiga baada ya Alasiri mpaka karibu na Magharibi, bila ya kopi hata moja. Kina mama walikuja na watoto, wakakaa upande wao, na wimbo wetu ulio katika Hijazi wakaomba urudiwe. Mara ya pili walikwisha kushika kiitikio na besi yangu nilikuwa siisikii. Fedha tuliyopata ilitosha mafuta ya jenereta na gari la vyombo tu.

Tunataka kurudia Idi el Hajj, safari hii kwa bendi tatu, kila moja na wimbo mmoja ambao haujatoka popote. Mwenye kujua ukumbi usiouza pombe wenye umeme wa kutegemewa, upande wowote wa Ng'ambo, aandike hapa. Dada wa Mwembetanga, tunakuomba wewe ufungue.