FUNDI WETU WA MWANJELWA KANIZIKIA GARI MBELE YA MAMA MKWE!!!

Mwana wa Uyole (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika huku natetemeka, na si baridi ya Julai.

Huyu fundi mnamjua. Simtaji jina, hakuna haja. Yeyote aliyewahi kuzimikiwa na gari hapa Mbeya kuanzia Mbalizi mpaka Igawilo ameshapita mikononi mwake, na pochi yake ikabaki huko huko. Yule wa "njoo saa nne", ukienda saa nne yuko msibani. Ana misiba mingi kuliko mchungaji.

Leo saa 12 asubuhi nampeleka mama mkwe kwao Tukuyu. Kakaa kwetu wiki mbili, kapendeza, kajifunga mkanda kiti cha mbele, gunia la mchele wa Usangu liko kwenye buti. Nazungusha ufunguo: tik. Nazungusha tena: tik. Taa za dashibodi zinakufa zote, nikiachia ufunguo zinarudi.

Gari ni Corolla 110 ya mwaka 1997. Ndiyo, namba A. Gari hili nimelipandisha Kitonga na watu watano na halijawahi hata kuchemsha. Limenifikisha Songea na kunirudisha. Nalipenda na sioni aibu kusema.

Nikampigia. Akaja saa tatu kasoro. HAKUGUSA BETRI. Akafungua boneti, akadai 20,000 ya kufungulia kazi, akachomoa plagi zote nne akaanza kuzinusa. Anazinusa jamani, kama mama anachagua samaki sokoni! Akasema kontrol boksi, ile kompyuta ya injini, imekufa. Baadaye stata imekufa. Baadaye pampu ya mafuta nayo imekufa. Ndani ya saa mbili gari langu likawa limefiwa na ukoo mzima.

Halafu ndiyo akafanya lile jambo. Akapiga bodi makofi mawili, pwa pwa, kama anaaga jeneza. Akageuka. Hakunigeukia mimi mwenye gari, kamgeukia MAMA MKWE, akamwambia: "Mama, hili hata tukilisukuma mpaka Kyela haliwaki. Mwambie mkweo atafute watu wa vyuma chakavu wampimie kwa kilo."

Kwa kilo!

Mama wa watu akasema tu "Ndaga, mwanangu", akafungua mkanda taratibu, akashuka na kikapu chake, akapanda bajaji kwenda stendi ya Nanenane. Hakunilaumu hata neno moja. Bora angenilaumu.

Bajaji ikarudi kufuata gunia, maana halikuenea mara ya kwanza. Fundi alishaondoka na 20,000 yangu. Yule kijana wa bajaji akaniuliza swali moja: "Braza, ukiwasha taa kubwa halafu ukapiga stata, taa zinafifia?" Nikamwambia zinakufa kabisa. Akasema basi umeme unakwama njiani. Akashika kichwa cha betri upande wa hasi, kikazunguka mkononi kama kizibo cha chupa! Chini yake umejaa unga mweupe wenye ukijani. Tukamwagia maji ya moto, akakwangua na kisu, akakaza kwa spana namba 10. Nikazungusha ufunguo, likawaka mara moja. Dakika sita zote hizo.

Nikaenda mbio stendi. Costa ilishatoka.

Alipiga makofi mawili, wakuu. Mbele ya mama mkwe. Kwa kilo.

---

Kiazi Mviringo

Namjua huyo!!! Mimi alinishushia injini nzima ya Noah, kumbe fyuzi. Wakati wa kurudisha zikabaki bolti nne mezani, akaniambia "hizi ni za akiba, wazungu huwa wanazidisha".

Dada wa Mafiati

Na kofia yake ile!!! Mimi alinidai hela ya kusikiliza. Nilipopeleka tu akasikiliza mlio, 10,000.

Mzee wa Kawetire

Vijana, nimeendesha malori barabara hii ya Tunduma tangu hamjazaliwa. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa, mita isome volti 12.6 hivi. Ikisoma chini ya 12, ichajiwe kwanza kabla hujamlaumu mtu. Ukipiga stata isishuke chini ya 10. Gari likishawaka isome kati ya 13.8 na 14.4, ujue alterneta inachaji. Asubuhi ya baridi betri inapungua nguvu na oili inakuwa nzito, kwa hiyo kichwa kilicholegea kinaumbuka Julai, siyo Desemba. Na kontrol boksi ya gari la miaka hiyo haizuii stata kuzunguka. Pampu ya mafuta vilevile. Stata ingezunguka vizuri gari likakataa kushika, hapo ndiyo unatafuta moto kwenye plagi na mafuta. Kwenye "tik" unaanza na betri, vichwa vyake na waya wa ethi, ule unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi. Huyo fundi alianzia darini akaacha mlango.

Braza Sae

Mleta uzi na wewe unalaumu nini? Gari lina miaka karibu 30 unampandisha mama mkwe? Kichwa cha betri kimejaa unga kama mandazi, hujafungua boneti tangu uchaguzi uliopita. Fundi kakosea kwenye kilo tu, angesema gramu.

Mwana wa Uyole

@Braza Sae usinitibue. Boneti nafungua kila Jumamosi, naangalia maji na oili. Na hata kama nina kosa, UNAMWAMBIAJE MAMA MKWE? Mimi niko pale, mzima, nimesimama! Aniambie mimi! Halafu saa nane kanipigia eti nimalizie 30,000 kwa sababu gari limewaka kutokana na yeye "kulilegeza". Kulilegeza!

Baridi ya Makete

Kwenu huko mnaita baridi? Huku asubuhi tunakwangua sakitu kwenye kioo. Betri inalala ndani na watoto.

Mama Gangilonga

Tena afadhali wa magari. Fundi cherehani wangu hapa Iringa nimempa kitambaa cha sendofu ya mdogo wangu mwezi wa tatu. Sendofu imepita, ndoa imefungwa, mdogo wangu ana mimba, gauni bado "nakata kata tu kola hapa".

Njombe Kwetu

@Mama Gangilonga gauni si kitu. Mimi fundi ujenzi kaniwekea mlango wa choo unafungukia ndani, ukifungua unagonga sinki. Kuoga naingilia dirishani.

Mama Gangilonga

@Njombe Kwetu 😂😂 halafu alikuambia nini?

Njombe Kwetu

Kaniambia ni fasheni.

Kiazi Mviringo

Samahani mleta uzi, kuna kitu hukusema. Ule mchele uko wapi?

Mwana wa Uyole

Bado uko kwenye buti. Nautuma kesho kwa Costa. Lakini wakuu, turudi kwenye mada. Makofi mawili, pwa pwa, mbele ya

Dada wa Mafiati

Mchele wa Usangu sasa hivi kilo bei gani?

Ndizi Rungwe

Kumpelekea mtu wa Tukuyu mchele wa Usangu wakati Kyela iko hapo chini, hilo ndilo tusi la uzi huu. Mama mkwe ameondoka kwa hilo, siyo kwa gari.

Mwana Mbarali

@Ndizi Rungwe rudia hiyo kauli. Mchele wa Kyela unanukia tu, haushibishi.

Ndizi Rungwe

@Mwana Mbarali wenu unashibisha kwa sababu ya mawe.

Mzee wa Kawetire

Vijana, heshima.

Mwana wa Uyole

JAMANI. ALISEMA KWA KILO.

Mwana Mbarali

Ndiyo, kwa kilo, huku kwetu tunauza kwa kilo na kwa debe. Nani anataka? Natuma mpaka Mafinga.

Mama Gangilonga

Mafinga kuna fundi friji yeyote anayeaminika? Langu linachemsha maziwa.