Unga wa lishe wa vitu tisa, mtoto hapandi uzito. Shida ni unga?

mama_kwanza:
Habarini wadau wa malezi. Mwanangu wa kike ana miezi 8, alizaliwa na kilo 3.1, miezi sita ya mwanzo nilimnyonyesha tu na alikua anapanda vizuri sana, ila toka nimeanza kumpa uji amekaa kwenye kilo saba mwezi wa pili sasa. Unga nimenunua kwa dada mmoja anauza hapa mtaani, una mahindi, mtama, ulezi, uwele, mchele, ngano, soya, karanga na mbegu za maboga, vyote vimesagwa pamoja. Mama mkwe anasema niongezee na korosho, nesi wa kliniki kasema niache kabisa huo unga ila foleni ilikua kubwa hakunieleza kwa nini. Sasa nimsikilize nani, na je shida ni unga au mtoto anaumwa?

mama_watatu_tanga:
Pole mdogo wangu, usiogope sana. Kwanza uji unaupikaje? Maana wengi tunapika uji mwepesi wa kunywa kwenye kikombe, tumbo la mtoto dogo linajaa maji alafu anakataa na ziwa. Uji wa mtoto wa miezi 8 ukiuchota na kijiko ukikiinamisha usimwagike kama chai. Na kunyonya usipunguze hata kidogo.

lishe_kazini:
Dada hapo juu kaongea la maana. Mimi nimesomea lishe, ngoja nieleze kwa nini nesi kasema vile.

Kwenye huo unga vitu sita kati ya tisa ni nafaka tupu. Mtama, uwele, ulezi, mahindi, vyote vinampa mtoto kitu kilekile yani nguvu, kuvichanganya hakuongezi lishe kama watu wanavyodhani. WHO, yani shirika la afya duniani, wanahesabu makundi nane ya chakula na mtoto wa miezi 6 mpaka 23 anatakiwa apate angalau matano kwa siku, na maziwa ya mama ni kundi mojawapo. Unga wako pamoja na kuwa na majina mengi una makundi mawili tu, nafaka na jamii ya kunde na mbegu. Hakuna dagaa, hakuna yai, hakuna mboga.

Ndo maana angalia Iringa. Mkoa unalima mahindi, viazi, maharage, una maziwa, lakini utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta karibu asilimia 57 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati nchi nzima ni asilimia 30. Njombe na Rukwa waliodumaa ni karibu nusu ya watoto. Chakula kipo ila sahani ya mtoto ni uji asubuhi, uji mchana, mama yuko shambani. Hili linaniumiza kila nikiliona.

Alafu kuna sumukuvu, yani sumu inayotoka kwenye ukungu wa vyakula, na hapa ndo nesi alikua na haki. Ukungu huo unapenda mahindi na karanga, sumu yake hauioni ukishasaga na kuchemsha hakuiui. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara waliugua watu 68 kwa mahindi yenye sumukuvu na 20 wakafariki. Iyo ni ile ya ghafla, ya pole pole ndo inatufanya tuwe na mashaka na uji wa watoto. Kuna watafiti walifuatilia watoto 166 wa Tabora, Iringa na Kilimanjaro, mwanzoni asilimia 84 walikutwa na alama za sumukuvu kwenye damu, baada ya mwaka ikawa asilimia 99. Kusema kweli sumukuvu yenyewe haikuonekana wazi kufupisha urefu kwenye utafiti ule, ila sumu nyingine ya ukungu wa mahindi inaitwa fumonisini ilionekana. Kwahiyo sikwambii unga umemdumaza mwanao, nakwambia huwezi kujua kilichomo kwenye unga uliosagwa na mtu mwingine.

mkulima_kongwa:
Naongezea upande wa sokoni. Karanga nzuri zinauzwa nzima, zile zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye weusi ndo zinaenda kwa bei ya chini, na zikishasagwa nani atajua? Nunua karanga nzima, mwaga kwenye ungo, chambua moja moja, yenye rangi tofauti tupa, usimpe hata kuku. Mahindi uliza yameanikwa wapi, kama ni chini kwenye udongo achana nayo.

mama_kwanza:
Asanteni sana, nimeelewa kuliko siku zote. Sasa nipike nini, na yai si wanasema mtoto anachelewa kuongea?

lishe_kazini:
Hapana, hiyo ya kuongea haina ukweli. Ecuador walijaribu kuwapa watoto wa miezi 6 hadi 9 yai moja kila siku kwa miezi sita, matokeo yakatoka 2017, udumavu ulipungua karibu nusu. Malawi wakarudia kule Mangochi pembeni ya ziwa, urefu haukubadilika, na watafiti wanadhani ni kwa sababu watoto wa kule tayari wanakula samaki sana. Kwahiyo yai au dagaa, chochote unachomudu.

Chukua nafaka moja tu, ulezi au mchele, pika uji mzito. Dagaa wachambue mchanga, waoshe, wakaushe, kaanga bila mafuta, saga laini, weka kijiko kimoja cha chai kwenye bakuli lake. Jioni mpe viazi vilivyopondwa na mchicha na mafuta kidogo. Kwa siku ale mara mbili mpaka tatu, akifika miezi 9 tatu mpaka nne. Yai lipikwe liive kabisa.

Na mrudishe kliniki wiki hii, usisubiri mwezi uishe. Waambie wampime na urefu, na kama ana homa au anaharisha uwaambie hapohapo.

mama_kwanza:
Naenda naye kesho asubuhi. Dagaa wa Mwanza au wa Kigoma?

mama_watatu_tanga:
Wowote mdogo wangu, ila wawe wakavu wasionuka.