Tupeane taarifa: kuomba na kulipia programu za haraka za NP Marekani ukiwa na digrii ya fani nyingine

NesiWaTwinCities

Wadau, salaam. Swali hili halikauki: mtu ana digrii ya biashara, ualimu au biolojia, yuko Marekani anapiga shifti za CNA (msaidizi wa muuguzi) usiku, na amesikia anaweza kuwa NP ndani ya miaka mitatu bila kupitia BSN (shahada ya kwanza ya uuguzi). Njia hiyo ipo kweli. Uzi huu ni wa taarifa tu, safari zetu tuziache kando. Weka hatua, bei, masharti, na mahali watu wanapokwama. Naanza na ramani.

NP ni muuguzi mwenye uzamili au udaktari wa uuguzi, anayepima mgonjwa, kutambua ugonjwa na kuandika dawa. Programu ya kuingia moja kwa moja ina vipande viwili. Cha kwanza huchukua mwaka mmoja hadi mmoja na nusu na kinakufikisha kwenye mtihani wa NCLEX-RN ili upate leseni ya RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa. Cha pili ni miaka miwili hivi ya ubobezi: familia, afya ya akili, wazee, watoto. Yale kule New Haven na MGH Institute of Health Professions pale Boston wana mpango wa namna hii.

Sasa mtego. Si kila uzamili wa kuingilia uuguzi unakufikisha kwenye NP. Ule wa Johns Hopkins unakutoa ukiwa RN mwenye uzamili, basi. Wa Columbia wa miezi 15 nao unakupa RN, na ukitaka NP unaendelea na DNP (udaktari wa uuguzi). Usiulize shule kama programu yao "inaelekea NP", maana kila kitu kinaelekea. Uliza hivi, kwa barua pepe, ili jibu libaki kwenye maandishi: nikihitimu digrii hii yenyewe, naruhusiwa kukalia mtihani wa NP wa ANCC au AANPCB (mashirika yanayowathibitisha NP), na kwa ubobezi gani? Kisha hakikisha programu ina ithibati ya CCNE au ACEN. Bila ithibati, mtihani wa NP hauko.

Halafu kuna hili la DNP. Chama cha walimu wa NP kiliweka lengo kwamba kufikia 2025 njia ya kuingia iwe DNP, na vyuo vingi vikahamia huko. Kisheria uzamili bado unatosha kupata leseni. Tofauti yake kwako ni mwaka mmoja zaidi wa ada.

Karani_Transkripti

Mimi naongea makaratasi, kwa waliosoma Nairobi, Dar, Makerere, Kinshasa au kwingine nyumbani.

Maombi mengi hupitia NursingCAS, mfumo mmoja unaotuma faili lako kwenye vyuo kadhaa, lakini baadhi ya vyuo vina fomu yake ya pili na ada yake ya pili. Digrii ya nje inahitaji tathmini ya somo kwa somo. Watu hununua ile ya jumla kwa sababu ni rahisi, inayosema tu kwamba digrii yako ni sawa na shahada ya kwanza. Chuo kinaikataa, kwa sababu kinataka kuona krediti na alama za kila somo. WES, shirika la kutathmini vyeti vya nje, ndiyo inayotumika sana. Soma kwanza ukurasa wa chuo, kwani vingine hutaka taasisi fulani pekee.

Transkripti lazima itoke kwa msajili wa chuo chako moja kwa moja. Bahasha uliyobeba mwenyewe haihesabiki, hata kama ina mhuri na nta. Hapa ndipo miezi inapotea, kwa hiyo anza na hili kabla hata ya kuandika insha. Uwe na mtu nyumbani wa kwenda dirishani, kwa sababu barua pepe peke yake mara nyingi haisogezi faili.

Majina ndiyo balaa lenyewe. Cheti cha kidato cha nne kina majina matatu kwa mpangilio mmoja, digrii ina mawili, pasipoti imegeuza jina la babu likawa la ukoo, halafu ukaolewa. Linganisha yote siku ya kwanza. Palipo na tofauti, tengeneza hati ya kiapo au hati ya kubadili jina kabla ya kutuma chochote, na uambatanishe kila mahali. Jina hilohilo ndilo litakalotakiwa siku ya NCLEX: kitambulisho kikitofautiana na usajili unarudishwa mlangoni, na ada ya dola 200 haikurudii.

Alama usijigeuzie mwenyewe. Asilimia 65 ya Kenya ni B, lakini Mmarekani akiiona bila tathmini anadhani ni D.

Mlezi_wa_Usiku

Masomo ya awali je? Nina digrii ya uhasibu, hakuna hata maabara moja.

NesiWaTwinCities

Ndugu, utayachukua chuo cha jamii, hivi vya miaka miwili, ambako krediti ni nafuu sana kuliko chuo kikuu. Orodha ya kawaida: anatomia na fiziolojia sehemu mbili zenye maabara, mikrobiolojia yenye maabara, kemia, takwimu, lishe, na saikolojia ya ukuaji wa binadamu. Vyuo vingi hutaka B kwenda juu, na vingi hukataa sayansi iliyozidi miaka mitano au saba tangu uisome. Kwa hiyo aliyesoma biolojia mwaka 2008 naye anarudi darasani.

Mpangilio una maana. Sehemu ya kwanza ya anatomia hufungua ya pili, na mara nyingi kemia hufungua mikrobiolojia. Ukikosea mpangilio unapoteza muhula mzima. Kabla ya kujiandikisha maabara ya mtandaoni, uliza kila chuo unachokilenga kama wanaikubali. Vingine hapana.

Mwisho wa kupokea maombi kwa vyuo vingi ni kati ya Oktoba na Januari, kwa masomo ya mwaka unaofuata. GRE, ule mtihani wa kuingilia uzamili, vingi vimeiacha. Barua za mapendekezo huwa mbili au tatu, na moja yapo itoke kwa mwalimu wa hivi karibuni. Yule wa chuo cha jamii anatosha kabisa, bora awe anakujua kwa sura. Barua ya mchungaji haisaidii.

BwanaMkopo

Karibuni upande unaovunja watu. Admisheni si kazi ngumu kuliko fedha, na watu wanashangilia barua kabla ya kupiga hesabu.

FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali, kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba. Mwanafunzi wa uzamili huhesabiwa anajitegemea, hivyo mapato ya wazazi hayaulizwi. Mwenye grin kadi anastahili kama raia. Mwenye visa ya F-1 (ya mwanafunzi) hastahili hata senti.

Pell, ile ruzuku ya serikali isiyorudishwa, usiipigie hesabu. Ni ya wasio na digrii ya kwanza, na digrii ya nje nayo ni digrii. Kuna wanaoficha digrii ya nyumbani ili waipate. Kumbuka kwamba unasaini chini ya kiapo cha kisheria, na digrii hiyohiyo umeitumia kuombea chuo.

Mkopo wa moja kwa moja usio na ruzuku ni dola 20,500 kwa mwaka kwa ngazi ya uzamili. Riba kwa mikopo ya 2025-26 ni asilimia 7.94, na inaanza kuhesabiwa siku fedha zinapotoka. Mwaka mmoja wa 20,500 peke yake unazaa zaidi ya dola 1,600 za riba kila mwaka ukiwa bado darasani. Kabla fedha hazijakufikia, wanakata ada ya asilimia 1.057.

Zamani pengo lilizibwa na Grad PLUS, mkopo mwingine wa serikali, iliyokwenda hadi gharama yote ya masomo. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 inaifunga kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Kikomo cha uzamili kinabaki 20,500 kwa mwaka, na jumla 100,000. Digrii zinazoitwa za kitaaluma zinapewa 50,000 kwa mwaka na jumla 200,000, lakini rasimu iliyokubaliwa na kamati ya Wizara ya Elimu Novemba 2025 iliuacha uuguzi nje ya orodha hiyo. Vyama vya wauguzi vimepiga kelele. Wewe panga kwa 20,500, ikizidi ushukuru. Na usisahau: chini ya sheria hiyo, anayesoma krediti pungufu ya mwanafunzi kamili anapunguziwa mkopo kwa uwiano.

Chukua mfano wa kubuni. Krediti 75 kwa dola 1,100 kila moja ni ada ya dola 82,500. Miaka mitatu ya mkopo ni 61,500. Pengo ni 21,000, na bado hujala, hujalipa kodi ya nyumba wala bima ya afya, ambayo chuo kitakulazimisha kuwa nayo.

Sasa kuna jambo ambalo ofisi ya udahili haikuambii kwa sababu hailijui, liulize ofisi ya misaada ya fedha: mwaka wa kwanza mnauhesabu ni wa shahada ya kwanza au ya uzamili? Kuna vyuo vinavyouweka chini. Ikiwa hivyo, kikomo chako mwaka huo ni dola 12,500, na vilevile kuna jumla ya maisha ya 57,500 kwa mikopo ya shahada ya kwanza, pamoja na ile uliyokwisha kukopa zamani. Mfano wetu unageuka kuwa mkopo wa 53,500 na pengo la 29,000.

Binti_Mrima

Pengo hilo linazibwaje, mkuu? Tusiishie kutishana.

BwanaMkopo

Dada, kwa vipande.

Mwajiri kwanza. Hospitali na nyumba nyingi za wazee hulipia masomo, na sheria inaruhusu hadi dola 5,250 kwa mwaka bila kodi. Lakini wengi hurudisha baada ya alama kutoka, kwa hiyo lazima uwe na fedha ya kutanguliza. Soma pia mkataba: ukiacha kazi kabla ya muda wanaidai.

Pili, Nurse Corps ya HRSA, idara ya afya ya serikali kuu. Upande wa ufadhili wanalipa ada na posho ya kila mwezi, nawe unalipa kwa kutumikia angalau miaka miwili kwenye kituo chenye upungufu mkubwa. Raia na wenye grin kadi wote wanaruhusiwa. Posho inakatwa kodi. Ukivunja mkataba unarudisha fedha pamoja na riba, hivyo usisaini kama familia yako haiwezi kuhama. NHSC, mpango mwingine wa HRSA, nayo ina ufadhili wa NP wa huduma ya msingi, ila ni kwa raia pekee.

Tatu, baada ya kuhitimu. Nurse Corps ina pia mpango wa kulipa deni: asilimia 60 kwa miaka miwili, na mwaka wa tatu asilimia 25 nyingine ya deni la awali. Kuna vilevile PSLF, mpango wa kufuta deni kwa wanaotumikia umma: malipo 120 ukiwa unafanya kazi muda wote serikalini au kwenye shirika lisilo la faida, kisha salio linafutwa. Mkopo wa benki hauingii PSLF kamwe. Ndiyo maana mkopo binafsi unakuwa wa mwisho, na mdhamini wako, awe shemeji au rafiki wa kanisani, anadaiwa yote siku ukishindwa.

NesiWaTwinCities

Naongeza njia mbadala ambayo binafsi naipendelea: ABSN (BSN ya haraka kwa mwenye digrii nyingine) ya miezi 12 hadi 16, ufanye kazi ya RN, kisha NP kidogokidogo huku mwajiri akichangia. Ni ndefu zaidi, lakini mshahara wa RN unaingia mapema. Waajiri wengi pia husita kumchukua NP ambaye hajawahi kushika wodi, hasa kwenye magonjwa mazito. Mtu mwenye watoto na kodi ya nyumba asiikimbilie miaka mitatu kwa sababu tu inasikika vizuri.

KRCHN_Kisumu

Mimi nina diploma ya KRCHN (uuguzi wa afya ya jamii) na leseni ya Kenya. Hizi programu zinanihusu?

Karani_Transkripti

Hapana, kaka. Hizi ni za wasio wauguzi, nawe utalipa mwaka mzima kujifunza unachokijua. Wewe unapitia tathmini ya vyeti ya CGFNS (sasa inaitwa TruMerit), uthibitisho wa leseni unaotumwa na Baraza la Wauguzi la Kenya lenyewe, NCLEX, halafu programu ya RN hadi MSN (uzamili wa uuguzi) au BSN ya mtandaoni kwanza. Mwenye BScN (shahada ya uuguzi ya nyumbani) anaingia MSN ya NP moja kwa moja. Kwa Mtanzania mlolongo ni huohuo, ila barua inatoka Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania.

MamaKliniki

Mmesahau mambo ya kliniki, nayo yanamsimamisha mtu wiki ya kwanza.

Kipimo cha TB: sisi tumechanjwa BCG utotoni, na kile cha kudunga ngozi kinaweza kutoka chanya kwa sababu hiyo. Omba cha damu, IGRA. Kikitoka chanya, piga eksirei ya kifua mapema uwe na ripoti mkononi. Kinga ya surua, rubela, tetekuwanga na homa ya ini B wanataka waione kwenye kipimo cha damu, na dozi tatu za homa ya ini B kwa ratiba ya kawaida huchukua miezi sita. Kadi ya kliniki ya utotoni haitoshi. Kuna pia cheti cha BLS (huduma ya kwanza ya kuokoa maisha) cha American Heart Association, alama za vidole, na uchunguzi wa rekodi ya jinai.

NCLEX: ukianguka unasubiri siku 45 kabla ya kurudia. Vyuo vingi havikuruhusu kuingia kliniki za ubobezi bila leseni, hivyo unaweza kusukumwa nje ya muhula. Ukishuka chini ya nusu ya mzigo wa masomo, ile miezi sita ya neema ya mkopo inaanza kuhesabika. Zungumza na ofisi ya fedha kabla ya kusaini likizo ya masomo, maana baadaye hawana la kufanya.

Na uliza nani anatafuta msimamizi wa kliniki. Viwango vya kitaifa vya programu za NP vya 2022 vinataka saa 750 za kuhudumia wagonjwa moja kwa moja, na vyuo vingi, hasa vya mtandaoni, vinakuachia uwatafute mwenyewe. Wapo wasimamizi wanaodai malipo, na wapo madalali kati yenu na wao. Bei hiyo haimo kwenye jedwali la ada. Hakikisha pia chuo kina kibali cha kufundisha wakazi wa jimbo lako, la sivyo saa zako zinaweza zisikubaliwe.

Binti_Mrima

Na Texas? Wengi tuko Houston.

NesiWaTwinCities

Texas NP anahitaji makubaliano na daktari ili aandike dawa. Minnesota tangu 2015 anajitegemea akishamaliza saa 2,080 za mazoezi ya pamoja. Leseni ni ya jimbo, kwa hiyo chagua pa kusoma ukijua pa kufanyia kazi. Wa F-1 waangalie kingine kabisa: baadhi ya vyuo haviwapokei kwenye kuingia moja kwa moja, maana mwanafunzi hawezi kufanya kazi ya RN nje ya chuo apendavyo, na ili kupewa I-20 (fomu ya chuo ya kuombea visa) lazima uoneshe fedha za mwaka wa kwanza zote zipo. Malipo ya kushikilia nafasi yakishatoka kwa kawaida hayarudi, hivyo jibu la ofisi ya fedha lipate kwanza.