Kufundisha filamu za walimu wa mfano kidato cha tano: nichague zipi, na nipange vipi?

chaki_nyeupe

Habari za kazi, walimu wenzangu.

Muhula ujao nina wiki sita za kufundisha filamu kwa kidato cha tano, wanafunzi wa fasihi. Kila wiki nina vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80. Wanafunzi ni 45, projekta ipo moja, madirisha hayana mapazia na umeme hukatika bila taarifa. Mada niliyochagua ni filamu zinazomwonesha mwalimu anayebadilisha maisha ya wanafunzi wake. Ninazofikiria ni Stand and Deliver (1988), Dead Poets Society (1989) na The First Grader (2010).

Sitaki yageuke kuwa maonesho ya burudani, halafu mwishoni kila mtu aandike kwamba mwalimu alikuwa mwema na sisi tusome kwa bidii. Naomba ushauri: nioneshe ngapi, nizigawe vipi, wapewe kazi gani, na nisahihishe kwa vigezo vipi?

mstari_wa_nyuma

Mwalimu, filamu tatu nzima hazitaingia. Dead Poets Society peke yake ni dakika 128, na hizo nyingine mbili kila moja inapita kidogo dakika 100. Una dakika 480 kwa jumla, lakini kila wiki ondoa angalau 10 za kufunga vifaa na kutuliza darasa. Ukionesha zote, utabaki na kama saa moja na nusu ya mjadala kwa wiki sita. Onesha moja nzima, na hizo mbili zitumie kwa vipande vya dakika tatu hadi nane.

Ya kuonesha nzima iwe Stand and Deliver, kwa sababu ina kitu halisi cha kulinganisha nacho. Jaime Escalante, mwalimu halisi anayeoneshwa kwenye filamu hiyo, mzaliwa wa La Paz, Bolivia, alianza kufundisha hisabati Garfield High School, mashariki mwa Los Angeles, mwaka 1974. Wanafunzi wake wa kwanza walifanya mtihani wa kalkulasi (tawi la juu la hisabati) wa AP, yaani mtihani wa kiwango cha chuo wanaofanya wanafunzi wa sekondari Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1982 walifaulu 18, wasahihishaji wakatilia shaka karatasi za 14, wanafunzi 12 wakarudia mtihani, na wote 12 wakafaulu. Escalante aliondoka Garfield mwaka 1991.

Gawa darasa makundi tisa ya watu watano na kila kundi lipewe karatasi ya manila. Juu wachore mstari wa muda kama filamu inavyouonesha, chini mstari wa muda wa mambo yalivyotokea. Kisha waunganishe kwa mishale. Hapo wataona wenyewe kwamba filamu imebana miaka mingi ikawa kama miwili. Mwanafunzi anayehangaika na sehemu na desimali hafiki kwenye kalkulasi kwa mwaka mmoja. Garfield walikuwa na madarasa ya kiangazi katika chuo cha East Los Angeles College, walikuwa na mwalimu mwenzake Ben Jimenez, na walikuwa na mkuu wa shule, Henry Gradillas, aliyeiunga mkono programu. Waambie wanafunzi wawatafute hao kwenye filamu. Watahangaika kuwapata, na mahangaiko hayo ndiyo somo lenyewe: msuko wa filamu unataka shujaa mmoja, kwa hiyo jasho la wengi linapewa mtu mmoja.

Usiwape tarehe hizo kabla hawajaangalia. Ukizitoa mapema, wataangalia filamu kwa kusaka makosa na hawatahisi nguvu yake. Wanatakiwa kwanza waguswe, ndipo waulize waliguswa kwa njia gani.

Mgawanyo: wiki ya 1 na ya 2 filamu nzima kwa awamu mbili, ukisimamisha mara mbili tu kila awamu, wiki ya 3 mistari ya muda, wiki ya 4 na ya 5 vipande vya filamu nyingine, wiki ya 6 insha darasani. Kusimamisha zaidi ya hapo kunavunja mtiririko na darasa linaanza kunung'unika, na wana haki.

picha_na_sauti

Naongezea upande wa picha, maana huko ndiko insha nyingi za wanafunzi zinakopwaya. Wanaandika kana kwamba wamesoma riwaya.

Chukua tukio la mwisho la Dead Poets Society, pale wanafunzi wanapopanda juu ya madawati. Lioneshe mara tatu. Mara ya kwanza bila sauti, na kila mwanafunzi aandike kamera iko wapi: inatazama juu, inatazama chini, iko karibu na uso au mbali. Mara ya pili sauti tu, funika lenzi kwa kipande cha kadibodi, waandike muziki unaanza lini na ni ala gani zinasikika (zumari za Kiskoti hawatazikosa). Mara ya tatu vyote pamoja. Kisha uliza swali moja: nani hakusimama? Wengi hawakumbuki kabisa kwamba kuna wanafunzi waliobaki wamekaa, wameinamisha vichwa. Rudisha uwaoneshe. Mwongozaji, Peter Weir, hakuwaficha, ila kamera na muziki vimetuvuta kwa waliosimama. Mwanafunzi akishaona hilo kwa macho yake, huna haja ya kumweleza mpangilio wa picha ni nini.

Zoezi la pili kwa filamu hiyohiyo: wape vipande viwili au vitatu vya Keating, mwalimu wa filamu hiyo, akiwa darasani, na saa mkononi. Wapime sekunde anazotumia kuchambua shairi lenyewe, na sekunde za hotuba, michezo na vituko. Halafu wajadili: tumeoneshwa ufundishaji, au haiba ya mwalimu? Darasa litagawanyika, na mgawanyiko huo ni mzuri, mradi kila anayesema ataje tukio.

Tahadhari kubwa. Katika filamu hii mwanafunzi mmoja, Neil, anajiua. Usilioneshe tukio hilo, na usiwaachie flashi wakaangalie bwenini peke yao. Waeleze kwa sentensi moja iliyo wazi kinachotokea, zungumza kabla na mwalimu wa ushauri nasaha, na mwanafunzi anayetaka kutoka nje kipindi hicho aruhusiwe bila kuulizwa sababu. Pia usikubali swali la insha linalofanya kifo chake kionekane ushujaa au jibu la mzazi mkali.

Kuhusu vifaa: kama huna mapazia, punguza ukubwa wa picha. Ukipunguza upana kwa nusu, mwanga uleule unaangukia robo ya eneo, kwa hiyo picha inang'aa mara nne. Kwa watu 45 picha ya upana wa mita moja na nusu inatosha ikiwa wa nyuma kabisa hayuko zaidi ya mita tisa. Tumia ukuta ambao haupigwi na mwanga wa dirisha moja kwa moja. Spika ya ndani ya projekta haifai, tafuta spika ya nje na uiweke juu ya meza mbele, isikae sakafuni. Mvua ikipiga bati, hakuna spika itakayoshinda: hamia kwenye zoezi la kuangalia bila sauti.

Umeme ukikatika: siku moja kabla, fungua filamu kwa VLC (programu ya kuchezea video) kwenye kompyuta yenye Windows, ubonyeze Shift na S kwenye picha unazozitaka. Inahifadhi picha iliyoganda. Chapisha sita kwa kila kundi. Giza likiingia, wanazipanga kwa mfuatano na kueleza kwa nini kamera imewekwa pale. Kipindi hakipotei.

chaki_nyeupe

Ahsanteni sana, hili la nani hakusimama sikuwahi kulifikiria. Nina swali: Kiingereza cha baadhi ya wanafunzi wangu bado kinasuasua, hasa wakisikia lafudhi ya Marekani. Na The First Grader mnaionaje?

picha_na_sauti

Washa manukuu ya Kiingereza hata kama filamu ni ya Kiingereza. Kusoma na kusikia pamoja kunawasaidia sana. Yakitangulia au kuchelewa, kwenye VLC herufi G na H zinayasogeza nyuma na mbele, nusu ya sehemu ya kumi ya sekunde kwa kila mbonyezo. Jaribu na faili uleule utakaotumia, maana manukuu ya toleo jingine la filamu hutofautiana kwa sekunde kadhaa. Na kabla ya kila kipande andika ubaoni maneno manane hadi kumi magumu, yasizidi.

darasa_la_kwanza

Habari, mwalimu. Niko upande wa Kenya, na The First Grader nakusihi usiiache.

Elimu ya msingi bila malipo ilianza Kenya Januari 2003. Kimani Ng'ang'a Maruge, mzee anayesimuliwa kwenye filamu hiyo, alijiandikisha darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, katika Shule ya Msingi Kapkenduiyo, Eldoret. Mwaka 2005 alisafiri hadi New York akazungumzia elimu mbele ya Umoja wa Mataifa. Alifariki mwaka 2009, filamu ikatoka mwaka uliofuata. Mwalimu aliyempokea ni Jane Obinchu, na kwenye filamu anaigizwa na Naomie Harris wa Uingereza. Maruge anaigizwa na Mkenya, Oliver Litondo. Mwongozaji, Justin Chadwick, ni Mwingereza.

Hapo una maswali mawili yenye uzito. La kwanza: mwalimu wa mfano ni nani humu? Wachore jedwali la safu tatu, tukio, anayefundisha, anayejifunza, na wajaze kwa matukio manne. Obinchu hatabaki upande mmoja wa jedwali. La pili ni lugha. Watu wanaongea Kiingereza mahali ambapo kwa kawaida ungesikia Kiswahili au lugha ya mama. Chagua mazungumzo ya dakika mbili, kila kundi liyaandike upya kwa Kiswahili kama wahusika hao wangeongea kweli: nani anamwita nani mzee, nani anasema shikamoo au anatafuta salamu nyingine, mwalimu anamkemeaje mwanafunzi anayemzidi umri wa baba yake. Filamu ya wageni na maisha ya shule zetu vitaachana hapo mezani, sentensi kwa sentensi.

Tahadhari: kuna kumbukumbu za mateso ya wapiganaji wa Mau Mau wakati wa hali ya hatari ya 1952 hadi 1960, na mauaji ya familia. Picha hizo ni kali. Mwombe mwalimu wa historia dakika 15 za maelezo kwanza, la sivyo wanafunzi wataona ukatili bila kujua ulitokana na nini.

mstari_wa_nyuma

Kwenye kusahihisha, insha ya maneno 500, alama 20: ushahidi wa picha na sauti 8, hoja 6, ulinganisho na tukio halisi au na filamu nyingine 4, lugha 2. Masharti mawili uyaandike juu ya karatasi ya swali. Muhtasari wa hadithi usizidi sentensi mbili. Kila dai liambatane na dakika ya filamu, kwa hiyo waruhusu waingie na daftari la maandalizi. Bila sharti la dakika, utapokea insha 45 za sifa tupu.

Swali linalofanya kazi: "Filamu hii inamfanya mwalimu aonekane shujaa kwa njia gani, na ni nani wamesahauliwa ili afike hapo?"

Ukipata nafasi wiki ya 5, onesha dakika tano za Entre les murs, filamu ya Kifaransa iliyoshinda Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 2008. Mwalimu humo, anayeigizwa na François Bégaudeau aliyeandika kitabu chenyewe, anawatolea wanafunzi wawili neno la kuwadhalilisha, na mambo yanaishia kwenye baraza la nidhamu linalomfukuza mwanafunzi mwingine. Ioneshe baada ya tukio la madawati, isitangulie.